Namna ya Kula Chakula cha Kitaliano Unguja: Maelezo ya Mwenye Duka

Duka langu la viungo na nafaka liko Mkunazini, na wateja wangu wa mwanzo kila asubuhi ni wapishi wa mikahawa na hoteli wanaokuja kuchukua pilipili manga, chumvi, thomu na unga kabla jua halijapanda. Baadhi yao wanapika chakula cha Kitaliano, na ni kwa kuwauliza wao, swali moja leo na jengine kesho, ndipo nilipokijua chakula hicho na kukipenda mpaka sasa nina kawaida ya kwenda kukila mara moja kwa mwezi, baada ya sala ya Isha, nikiwa na mke wangu. Ninayemwandikia hapa ni mfanyabiashara mwenzangu anayepita kila siku mbele ya mikahawa hiyo ya Shangani, au anayepeleka mzigo katika hoteli za Kiwengwa, akaona harufu ni nzuri lakini akajiambia kwamba pale si mahali pake. Ni mahali pake, ilimradi ajue la kuuliza na pa kuanzia.

Kwanza aondoe ugeni moyoni. Sisi sote tumekua na tambi za kukaanga kwa samli, zilizotiwa sukari, iliki na zabibu, tukazila futari na tukazila Idi. Al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiislamu aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154 katika kasri ya mfalme Roger wa Sicily, kisiwa kilichoko kusini mwa Italia, ameeleza kwamba katika mji wa Trabia, karibu na Palermo, palikuwa pakitengenezwa kwa wingi chakula cha unga kiitwacho kwa Kiarabu itriyya, kikapakiwa majahazini na kupelekwa katika nchi za Waislamu na za Wakristo. Kisiwa hicho kilikuwa kimetawaliwa na Waislamu kwa zaidi ya miaka 200, na mpaka leo kusini mwa Italia ipo aina ya tambi inayoitwa tria. Kwa hiyo sahani ya spageti na sahani ya tambi za Idi ni jamaa, ingawa moja ilielekea kwenye sukari na nyengine kwenye chumvi. Huko jirani zetu wa Benadir, pwani ya Somalia, nako ukoo huo umefika kwa njia nyengine, maana bandari za Mogadishu, Barawa, Merka na Warsheikh zilikodishwa kwa Wataliano na Sultani wa Zanzibar mwaka 1892, zikauzwa kabisa mwaka 1905, na watu wa pwani ile bado hula baasto yao, yaani tambi, na ndizi mbivu kando ya sahani.

Jambo moja tulitenge mapema ili lisituchanganye: pizza ya Forodhani, ile ya chapati nyembamba inayokunjwa juu ya nyama ya kusaga, kitunguu na yai kisha ikakaangwa juu ya chuma, ni chakula chetu wenyewe na ni kitamu, lakini haina uhusiano na pizza ya Naples zaidi ya jina. Usiende mkahawani ukiitarajia hiyo.

Wakati wa kwenda

Mwenye duka anajua msimu kuliko mtu yeyote. Katika miezi ya masika, kuanzia Machi mpaka Mei, wageni hupungua na hoteli kadhaa za pwani ya mashariki hufunga, lakini zile zinazobaki wazi, pamoja na mikahawa ya mjini, huwa na nafasi, na mpishi huwa na muda wa kuzungumza nawe. Huo ndio wakati wa mwanafunzi. Uliza pia bei ya wenyeji, na uliza kama bei iliyoandikwa imekwisha kujumlisha kodi na huduma, kwa sababu hesabu isiyojulikana mapema huharibu ladha ya chakula. Kama kilichokutoa nyumbani ni pweza, tazama mwezi kabla ya kutazama mfuko: siku za bamvua, maji yanapokauka sana, ndizo siku ambazo wanawake na wanaume wa vijiji vya pwani huteremka miambani na vijiti vyao, na pweza wa siku hizo ni mbichi kweli. Siku za maji mafu, pweza uliyeletewa huenda ametoka kwenye barafu.

Ukifika, tazama karatasi ya vyakula kabla ya kukaa. Mkahawa unaotangaza vyakula themanini vya mataifa manne siuamini kwa chakula cha Kitaliano. Ninauamini ule wenye tambi za aina tano au sita, pizza chache, na samaki wa siku hiyo aliyeandikwa kwa chaki ubaoni. Chakula hiki kimejengwa kwa vitu vichache. Pilau ikikosa bizari moja, nyengine zitaifunika, lakini spageti ya tungule ina tungule, thomu, mafuta ya zeituni, chumvi na majani mawili ya rehani, na kimoja kikiwa kibovu mlaji atakijua kwa tonge la kwanza. Ndiyo maana ninakusisitizia kwamba mara ya kwanza katika mkahawa wowote uagize kilicho sahali kuliko vyote, yaani spageti ya tungule au pizza margherita, ambayo juu yake ina tungule, jibini laini na rehani tu. Aliyeweza hivyo atakuwezea na vyengine.

Pizza ya Naples, ambayo ufundi wake uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2017, huokwa katika tanuri la kuni lenye joto la kiasi cha nyuzi 485 kwa sekunde 60 hadi 90 tu. Matokeo yake ni ukingo uliofura wenye madoa meusi hapa na pale, na katikati laini inayolegea ukiinyanyua. Madoa hayo si kuungua, na ulaini huo si ubichi. Nimewaona watu wetu wakiirudisha jikoni pizza nzuri kwa kuidhania haikuiva. Hali kadhalika tambi. Sisi tumezoea tambi iliyolainika kabisa, na Mtaliano anaitaka iwe na ukinzani kidogo chini ya jino. Ninakuomba uivumilie mara tatu kabla ya kumwambia mpishi akupikie laini, kwa sababu mimi mwenyewe niliizoea mara ya tatu na tangu hapo siwezi kurudi nyuma.

Maswali ya halali

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wengi wetu wanapozuiliwa mlangoni, na ni haki yao. Nyama ya nguruwe katika jiko la Kitaliano ina majina mengi, na mengi yake hayamtaji nguruwe. Prosciutto ni paja, pancetta ni tumbo, guanciale ni shavu, na lardo ni shahamu. Salame na mortadella kwa kawaida ni za nguruwe, wakati bresaola ni nyama ya ng'ombe iliyokaushwa. Carbonara asili yake ni yai, jibini, pilipili manga na guanciale. Amatriciana nayo ina guanciale ndani ya tungule. Ragù, yaani mchuzi wa nyama ya kusaga, mara nyingi huchanganywa nyama mbili na kutiwa mvinyo. Hapa Unguja mikahawa mingi hubadilisha nyama hizo kwa ng'ombe, lakini usikisie. Na ujihadhari na neno moja linalowapoteza wengi: peperoni, kwa Kitaliano, ni pilipili boga, ambazo ni mboga tupu, ila karatasi nyengine huandika pepperoni kwa maana ya soseji, na soseji hiyo huwa na nguruwe.

Mvinyo ni mgumu zaidi kuuona. Risotto, wali wao wa kukorogwa taratibu kwa supu, huanzishwa kwa mvinyo mweupe. Kombe na kamba nao hupewa kidogo sufuriani. Tiramisu, ile tamutamu ya kahawa, mara nyingi huwa na mvinyo wa Marsala au ramu, na panna cotta hugandishwa kwa jelatini ambayo huenda imetoka kwa nguruwe. Kuhusu jibini, Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama, na maulamaa wana maneno yao juu ya jambo hilo, basi muulize unayemfuata.

Wakati mmoja, katika mkahawa ambao sitautaja, mhudumu aliniapia kwamba mchuzi wa kamba hauna kitu. Sahani ilipofika, harufu ilinifikia kabla ya uma. Nilimwomba aniitie mpishi, na mpishi, kijana mwenye adabu, alikubali papo hapo kwamba alitia mvinyo kama alivyofundishwa na kwamba hakuna aliyemwambia chochote. Akanipikia upya, na bila mvinyo mchuzi ulikuwa mtamu vilevile. Tangu siku hiyo ninauliza kabla ya kukaa, ninaomba jibu litoke jikoni, na ninauliza mambo matatu kwa maneno ya wazi: kuna nguruwe, kuna mvinyo, na je, kikaangio ni kile kile kilichopikiwa hivyo? Hakuna mpishi mzuri niliyemjua aliyechukizwa na maswali hayo. Ukitaka kujiepusha na shughuli yote, spageti ya thomu, mafuta ya zeituni na pilipili, biringani za kuokwa kwa tungule, na margherita asili yake hazina nguruwe wala mvinyo.

Mezani

Wataliano hupanga chakula kwa hatua: vitafunio vya mwanzo, kisha tambi au wali au supu, kisha nyama au samaki na mboga kando, mwisho kitu kitamu na kahawa. Hulazimiki kuzifuata zote. Sisi wawili huagiza kitafunio kimoja, sahani moja ya tambi na samaki mmoja, tukala pamoja, na hutosha. Tambi yenye samaki haitiwi jibini, na sababu yake nimeiona ni ya kweli, kwa kuwa jibini huizima ladha ya bahari. Kapuchino, yaani kahawa ya maziwa, wao huinywa asubuhi, na baada ya chakula hunywa kahawa kavu ya kikombe kidogo, jambo ambalo mtu aliyezoea kahawa chungu ya barazani hahitaji kufundishwa.

Ninachokipendekeza kuliko chengine, baada ya kuuthibitisha mkahawa kwa tungule, ni vyakula vyao vya baharini, kwa sababu hapo bahari ya kwetu na ufundi wao hukutana. Pweza aliyechemshwa akachanganywa na viazi, ndimu na mafuta ya zeituni. Spageti ya kombe. Jodari aliyechomwa nje tu. Kule Kiwengwa, ambako vijana wengi wamejifunza Kitaliano kwa kufanya kazi na wageni, wapo wapishi wa kwetu wanaokipika chakula hiki vizuri mno, na inafaa uulizie jina la mpishi na umshukuru.

Na nyumbani

Siku moja utataka kuwalisha watoto. Kwa watu wanne, nunua Darajani pweza wa kilo moja na tungule sita zilizoiva sana. Chagua tambi iliyoandikwa kwenye pakiti kuwa ni ya ngano ngumu, semola di grano duro, ambayo sheria ya Italia ya mwaka 1967 iliifanya kuwa lazima kwa tambi kavu. Za unga wa kawaida hubondeka. Mponde pweza kama kawaida, muoshe, mtie sufuriani bila ya maji na umfunike juu ya moto mdogo, kwani atatoa maji yake mwenyewe, na umwache kiasi cha dakika 45 hadi saa nzima mpaka kisu kiingie bila ya nguvu. Mkate vipande. Katika kikaango kipana pasha vijiko vikubwa vinne vya mafuta ya zeituni, tia punje tatu za thomu na pilipili moja, na usiziache thomu zigeuke kahawia, kwa sababu zitakuwa chungu. Mimina tungule zilizokatwakatwa, na zikishapungua maji tia pweza pamoja na kidogo katika supu yake.

Wakati huo chemsha lita nne za maji kwa gramu 40 za chumvi, kiasi cha vijiko vikubwa viwili, na utie gramu 400 za tambi. Hapo ndipo wengi wetu hukosea kwa kutia chumvi haba na maji haba. Toa tambi dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, hifadhi kikombe cha maji yake, kisha umalizie kuzipika ndani ya mchuzi ukizigeuza na kuongeza maji hayo kidogo kidogo mpaka mchuzi ushike. Rehani tia mwisho. Ile ya kwetu, ambayo tumezoea kuiona kwenye kikuba pamoja na asumini, nimeiona ina harufu kali, basi majani machache yanatosha. Tui la nazi liache kwanza, mpaka umeijua ladha yake ya asili.

Waite watu wakae kabla hujazipua tambi, kwa sababu zikipoa hugandana. Wanangu sasa hukaa mkekani mapema, na mdogo wao ndiye anayepewa uzi wa kwanza auonje kwa jino. Akisema tayari, ninaipua sufuria.