Somo: Msumeno wa cheni, kuanzia mdogo wa uani hadi jitu la kupasulia magogo

Salaam aleikum wanachama. Kusi likianza kuvuma simu huwa ni zile zile: mnazi umeinamia mabati, mwarobaini umelalia ukuta wa jirani, ninunue msumeno gani? Na karibu kila mtu anataka ile kubwa kabisa. Kazi nyingi za hapa mjini, ukiondoa kupasua mbao, hazitaki jitu. Zinataka cheni kali na mtu anayejua asimame wapi.

Hatua ya 1: Pima mti kabla ya kupima mfuko

Nguvu ya injini tunaipima kwa cc, na urefu wa bamba, yaani kile chuma ambacho cheni hukizunguka, kwa inchi. Msumeno mdogo kama Stihl MS 170 una cc 30 tu na uzito wa kilo 4 na ushee. Ukiufunga bamba la inchi 14, unatosha matawi ya mwembe, mkungu na mwarobaini wa uani. Kazi ya kati, kama kuangusha mvinje au kukata magogo ya kuni, inataka cc 45 hadi 60 na bamba la inchi 16 hadi 18. Mvinje msiudharau. Hii aliyoipanda René Haller, mtaalamu wa mazingira, kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi tangu miaka ya 1970 ni mti mwembamba, lakini mbao yake ni ngumu kama mfupa.

Ukipanda juu ya hapo unakutana na cc 70, mfano Husqvarna 372 XP, ambao ndio wa mkataji wa kila siku. Kisha kuna majitu: Stihl 070 ya zamani, yenye cc 106 hivi, na MS 881 yenye cc 121.6, kilowati 6.4 na karibu kilo 10 kabla hujatia bamba wala mafuta. Hayo ni ya kupasua mbao. Kumpa mtu jitu hilo akapogoe mkwaju ni kumtafutia mgongo mbaya.

Bamba refu halimaanishi kazi ya haraka. Injini ndogo ikivutishwa bamba refu hukata kwa kusuasua na kuchemka. Na gogo nene kuliko bamba lako linakatika vizuri tu ukiliingia pande mbili.

Hatua ya 2: Mafuta

Injini hizi ni za tu-stroki, oili inachanganywa na petroli. Oili ya tu-stroki iliyo bora huchanganywa moja kwa hamsini, yaani mililita 100 kwa lita 5. Oili za kawaida nyingi zinataka moja kwa ishirini na tano, mililita 200 kwa lita hizo hizo. Soma chupa na kitabu cha mashine yako. Pima kwa chupa yenye alama, usimimine kwa macho. Petroli kavu, yaani isiyo na oili, inakwangua pistoni kwa muda mfupi sana na hapo hakuna fundi wa kukuokoa, ni kununua silinda mpya.

Changanya inayotosha kazi ya karibuni. Mchanganyiko uliokaa miezi kwenye mtungi juani huo usiutie.

Tangi la pili ni la oili ya cheni. Huku wengi hutia oili chafu iliyomwagwa garini. Mimi siipendi kabisa: ina vumbi la chuma linalotafuna bamba na pampu, ni nyepesi, haishikamani na cheni mpaka nchani, na yote unairashia mikono yako na udongo wa shamba. Ukikosa oili ya cheni yenyewe, afadhali oili safi ya injini. Kabla ya kuanza kukata, injini ikiwa inawaka, elekeza ncha ya bamba kwenye kipande cha boksi bila kukigusa, bonyeza mafuta kidogo. Mstari wa oili ukijichora, cheni inalainishwa. Usipojichora, simamisha kazi.

Hatua ya 3: Kaza cheni

Zima injini, vaa glavu, legeza nati za bamba. Inua ncha ya bamba juu huku ukikaza skrubu. Cheni ikae imelala kwenye bamba upande wa chini bila kuning'inia, lakini ukiivuta kwa mkono izunguke. Cheni mpya hurefuka haraka, kwa hivyo iangalie kila ukijaza mafuta. Ukimaliza kazi ilegeze kidogo, maana ikipoa hujikaza.

Hatua ya 4: Kuwasha

Weka msumeno chini, mahali tambarare, cheni isiguse kitu. Sukuma mbele breki ya cheni, ile kinga iliyo mbele ya kishikio cha mbele. Kanyaga kishikio cha nyuma kwa ncha ya buti, mkono wa kushoto ushike kishikio cha mbele, kisha vuta kamba. Injini ikiwa baridi, funga choki. Ikikohoa mara ya kwanza, rudisha choki hatua moja na uvute tena. Ikiwa moto, haina haja ya choki. Wale wanaoutupa msumeno chini kwa mkono mmoja huku wakivuta kamba kwa mwingine hufanya hivyo kwa sababu watoto wanatazama.

Hatua ya 5: Mikono, miguu na teke

Mkono wa kushoto mbele, kidole gumba kimezunguka kishikio. Wa kulia nyuma. Daima miwili, hata kwa tawi dogo. Simama kidogo upande wa kushoto wa msumeno, ili cheni isiwe kwenye mstari mmoja na shingo yako. Usikate juu ya mabega.

Kitu kinachoua ni teke. Robo ya juu ya ncha ya bamba ikigusa tawi au gogo jingine, bamba huruka juu na nyuma kuelekea usoni. Cheni kwa kasi ya kazi hukimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde, kwa hivyo usidhani utaikwepa. Breki ya cheni ndiyo kinga yako. Ijaribu kila asubuhi kwa kuisukuma injini ikiwa inazunguka: cheni isimame papo hapo. Helmeti yenye wavu, vizibo vya masikio, buti, na suruali ya kinga yenye nyuzi zinazoikaba cheni. Naam, joto la Mombasa nalijua. Anza kazi baada ya alfajiri, saa nne uwe kivulini.

Hatua ya 6: Kuangusha

Tazama mti unaelemea wapi, upepo unatoka wapi, na nyaya za stima ziko wapi. Mti ukiwa karibu na nyaya, waite Kenya Power kwanza, usiguse kitu. Safisha njia mbili za kukimbilia, kwa nyuma na pembeni.

Upande unaotaka uangukie, kata mdomo, yaani pengo la umbo la kabari, wa kina cha robo moja ya unene. Kisha nenda nyuma, ukate juu kidogo ya usawa wa kona ya mdomo, na usimalize: bakisha bawaba ya mbao, kama sehemu moja ya kumi ya unene. Bawaba hiyo ndiyo inayouongoza mti chini. Ukiikata yote, mti unaamua wenyewe. Bamba likishaingia vya kutosha, piga kabari ya plastiki au ya mti nyuma yake, si ya chuma.

Mnazi ni mambo mengine. Nje ni mgumu, ndani ni laini, kwa hivyo katikati ya bawaba haishiki sana na nguvu yote iko pembeni. Tena mbao yake inatafuna meno ya cheni. Kwa mnazi ulio kati ya nyumba za Majengo au Kisauni, mwite mkwezi na kamba, ushushwe kwa vipande kutoka juu.

Gogo likiwa chini, tafuta linakaza wapi. Likishikiliwa ncha zote mbili, juu ndiko kunakobana: kata kidogo juu, umalizie kwa chini. Likining'inia ncha moja, geuza mpangilio: kata kidogo chini, umalizie kwa juu. Na usiguse ardhi. Udongo wetu wa matumbawe unafanya cheni butu kwa kuugusa mara moja tu.

Hatua ya 7: Kunoa, na hapa ndipo kazi ilipo

Msumeno wako unakwambia wenyewe. Ukitoa chenga nene, meno ni makali. Ukitoa unga, umekuwa butu, na ukizidi kuusukuma utaunguza bamba na klachi. Jino la sasa lina umbo la ndoana lenye kona: mwaka 1946 mkata miti wa Oregon, Joseph Buford Cox, alimtazama buu wa mbawakavu akitafuna gogo kushoto na kulia, akatengeneza cheni kwa mfano huo. Ndiyo maana meno yanapishana, moja kulia moja kushoto.

Tupa ya mviringo iwe ya kipimo cha cheni yako (cheni hupimwa kwa inchi, kwa nafasi kati ya pingili zake): milimita 4.0 kwa cheni ndogo ya 3/8 ya kimo kifupi, 4.8 kwa .325, na 5.5 kwa .404 ya majitu. Bana bamba, weka tupa pembe ya digrii 30, sukuma kutoka ndani kwenda nje tu, usiburure kurudi. Kila jino mipigo sawa. Maliza upande mmoja, geukia wa pili.

Mbele ya kila jino kuna kinundu kinachopima jino lizame kiasi gani. Meno yakiliwa na tupa, kinundu nacho kishushwe kwa tupa bapa, kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Tumia kipimo chake cha bati, usikadirie. Kikishushwa sana, msumeno unarusha teke.

Kwa kupasua mbao kwa urefu, pembe iwe digrii 10 tu. Uso wa ubao unatoka laini zaidi.

MASWALI

Fundi mbao, Changamwe: Shikamoo mzee. Nimeona 070 iliyotumika, bei ya kutupwa. Niichukue nipasulie magogo ya mwembe?

Marahaba mwanangu. Injini ikiwa baridi, inua msumeno kwa kamba ya kuwashia. Ukishuka upesi, kompresheni imekwisha. Fungua ekzosi utazame pistoni kwa tochi: mikwaruzo ya wima, uachie hapo hapo. Jua pia kuwa 070 ya zamani haina breki ya cheni, kwa hivyo ni ya kulala kwenye fremu ya kupasulia, si ya kuangushia miti. Na mwembe wa mjini una misumari ya kuanikia nguo tangu zama za babu yako. Uchunguze kwanza.

Bi wa Nyali: Mimi nina mwarobaini na mkanju uani, siwezi kuvuta kamba. Wa betri unafaa?

Unafaa sana, Bi. Kwa matawi ya unene wa mkono hauna shida, hauna moshi na majirani hawatalalamika. Ila cheni yake inataka oili na kunolewa kama ile ya petroli, na teke ni lile lile. Toa betri kabla ya kugusa cheni.

Mwanachama, Likoni: Pawa soo yangu yawaka vizuri, nikibonyeza mafuta yazima. Fundi ataka kubadilisha kabureta.

Asibadilishe kwanza. Mwaga mafuta ya zamani, tia mapya. Toa filta iliyo ndani ya tangi kwa waya uliopindwa, ikiwa nyeusi weka mpya. Safisha filta ya hewa. Angalia plagi, mwanya uwe milimita 0.5. Tundu la kupumulia la tangi nalo huziba: legeza kifuniko, na mashine ikikubali, umepata ugonjwa. Kabureta iwe ya mwisho.

Mwanachama, Mikindani: Wangu wakata kwa kupinda, kila gogo unaelekea kulia.

Meno ya upande mmoja ni mafupi au butu. Pima kwa kalipa, uyarudishe yote yalingane na lile fupi zaidi. Yakilingana na bado wapinda, kingo za bamba zimelika upande mmoja. Lisawazishe kwa tupa, na kuanzia leo uwe unaligeuza bamba juu chini kila unapobadilisha cheni.

Mwanachama, Shanzu: Mafuta ya kupikia yaweza kuwa oili ya cheni?

Siku moja ya dharura, ndiyo. Yanalainisha. Ukiyaacha ndani yakakaa wiki kadhaa yanageuka gundi, na pampu ikakwama. Yatoe jioni hiyo hiyo.

Mwanachama, Tudor: Kuna mikoko imekufa nyuma ya nyumba, nikate kuni?

Usiguse, ndugu yangu. Mikoko ni msitu wa serikali, hata ile inayoonekana imekauka. Nenda ofisi ya KFS, yaani shirika la misitu la Kenya, uulize kwanza, na kwa mti mkubwa wa uani uliza KFS na kaunti pia kabla hujakodi mtu.

Bi wa Nyali tena: Na nikiuweka miezi bila kutumia? Hewa ya bahari hapa inakula kila kitu.

Toa betri uiweke ndani, mahali pakavu. Vua cheni na bamba, vifute unga wote wa mbao, maana unga unanyonya unyevu na chumvi. Lowesha cheni kwa oili ndani ya kopo lenye kifuniko, paka bamba, funga. Wenye petroli wamwage tangi, kisha wawashe mpaka injini izime yenyewe.