Klamidia: jinsi ya kutibiwa pamoja na mwenza wako

Klamidia husababishwa na bakteria na huambukizwa kwa kujamiiana bila kondomu. Hupona kabisa kwa antibiotiki, lakini watu wengi walio nayo, hasa wanawake, hawaoni dalili yoyote. Dalili zikitokea, kwa kawaida ni wiki 1 hadi 3 baada ya kuambukizwa: maumivu wakati wa kukojoa, majimaji yasiyo ya kawaida ukeni au uumeni, damu baada ya tendo la ndoa, maumivu chini ya kitovu, au korodani kuvimba. Ukiambiwa na mwenza wako kwamba amekutwa nayo, nenda ukatibiwe hata kama unajiona mzima.

Kipimo cha uhakika hutafuta vinasaba vya bakteria katika mkojo au majimaji ya ukeni. Pale ambapo hakipo, mhudumu hutibu kwa kufuata dalili, na mara nyingi hukupa dawa ya kisonono pia. Usiudharau utaratibu huo: utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza kati ya 1991 na 1994 ulionyesha kuwa kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya kawaida vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40.

Dawa inayotumika zaidi ni doksisaiklini ya miligramu 100, mara 2 kwa siku kwa siku 7. Imeze kwa maji mengi ukiwa umekaa wima, usiichanganye na maziwa wala vidonge vya madini ya chuma, na ujikinge na jua, kwa kuwa hufanya ngozi iungue upesi. Anayeanika dagaa mchana kutwa alizingatie hilo. Mjamzito amweleze mhudumu mapema, kwani yeye hupewa azithromaisini.

Sehemu ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni mwenza. Katika mialo yetu ya Ziwa Victoria, yaani sehemu za kushushia samaki, mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi inapong'aa, kisha huenda akahamia kisiwa kingine. Mmoja akitibiwa Kirumba, jijini Mwanza, na mwingine akabaki kisiwani Ukerewe bila dawa, wataambukizana tena watakapokutana. Waambieni wote mliojamiiana nao katika siku 60 zilizopita, mtibiwe kwa wakati mmoja, na msikutane kimwili mpaka siku 7 za dozi ziishe kwa kila mmoja.

Isipotibiwa, klamidia inaweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu, ambayo huleta ugumba, maumivu ya nyonga yasiyoisha au mimba kutunga nje ya kizazi. Mtoto anayezaliwa na mama mwenye maambukizi anaweza kuugua macho au nimonia. Dawa huua bakteria lakini haiondoi kovu lililokwisha kutokea, ndiyo maana kuchelewa kuna gharama kubwa.

Baada ya miezi 3 rudi upimwe tena, kwa sababu kuugua mara ya kwanza hakumkingi mtu asiambukizwe tena.