Jinsi ya Kuomba Ruzuku ya Kunusuru Spishi Iliyo Hatarini: Mwongozo kwa Asasi za Kanda ya Kati

Mwongozo huu unazihusu asasi zilizokwisha kusajiliwa, hasa zinazofanya kazi jirani na mapori ya akiba ya Swagaswaga, Mkungunero na Kizigo nchini Tanzania. Mfano wangu ni tumbusi mgongo-mweupe, ambaye tangu mwaka 2015 yumo katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN (muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa asili), na ambaye huangamizwa kwa sumu inayotiwa kwenye mizoga na wafugaji walioliwa ng'ombe na simba au fisi.

Chagueni kwanza mfuko unaolingana na kazi yenu. Mfuko wa Mohamed bin Zayed wa Uhifadhi wa Spishi umekuwa ukitoa ruzuku za hadi dola 25,000, nao hufadhili spishi mahususi, kwa hiyo andiko linalozungumzia mazingira kwa ujumla halifai kupelekwa huko. Fomu yenyewe hujazwa mtandaoni bila taabu.

Taabu iko kwenye vibali. Utafiti wa wanyamapori unahitaji kibali cha TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na kuingia pori la akiba kunahitaji ruhusa ya TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori); lakini yote hayo hutanguliwa na barua ya utambulisho, na ya kwetu ilikaa katika ofisi moja mpaka dirisha la maombi likafungwa, kwa kuwa mwenye kusaini alikuwa safarini na hakuna aliyekaimishwa. Iliniuma sana, kwa sababu tumbusi hutaga yai moja tu kwa msimu, na msimu uliopita bila ulinzi haufidiwi. Basi ombeni barua hiyo kabla ya kuanza kuandika andiko, ipitieni masjala, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, na ulizeni mapema nani anakaimu.

Bajeti nayo ijibu tishio lenyewe. Tishio likiwa sumu, fedha ziimarishe maboma ya ng'ombe na kuwafundisha skauti wa vijiji namna ya kuteketeza mzoga uliotiwa sumu, badala ya kuishia kwenye semina za mjini.

Mkishasaini mkataba, kumbukeni kwamba kanuni za NGO za mwaka 2018 zinataka mkataba wa fedha zinazozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe Hazina na kwa Msajili wa NGO ndani ya siku 10. Ofisi hizo ziko hapahapa Dodoma, kwa hiyo upelekeni kwa mkono.