SOMO: Kutafuta utaratibu wa kazi kwa RDF na SPARQL, mfano wa maziwa (soma yote kabla ya kuuliza)

Naandika mara moja, nisirudie. Tangu niseme humu kwamba taratibu za kazi za maziwa naziuliza kwa SPARQL (lugha ya kuuliza data iliyoandikwa kwa RDF, yaani kwa sentensi fupi fupi) badala ya kupekua folda, ujumbe haukatiki, na swali ni lile lile: unatafutaje namna kazi inavyofanyika, wakati kompyuta inajua jina la faili tu? Haya, hili hapa. Atakayeuliza lililokwisha kujibiwa nitamrudisha juu.

Nasaidia chama kimoja cha ushirika cha wafugaji huku Nakuru. Tulikuwa na faili arobaini na kitu: nyingine za Word, nyingine PDF, nyingine picha ya karatasi iliyobandikwa ukutani ikamwagikiwa maziwa. Moja inaitwa "mala mpya 2" (mala ni maziwa ya mgando), nyingine "YOGATI MWISHO KABISA". Kijana wa zamu akitaka kujua ni kazi zipi ambazo maziwa hupashwa moto kabla ya kutiwa kalcha (bakteria wa kugandisha), ilibidi ampigie mtu simu. Kutafuta kwa neno hakukumfaa, kwa sababu mmoja kaandika "kuchemsha", mwingine "kupasha moto", wa tatu "kupasturaizi". Kompyuta haijui kuwa hao ni ukoo mmoja mpaka uiambie.

Wazo lenyewe ni la zamani. OWL-S, msamiati wa kueleza huduma za wavuti, iliwasilishwa kwa W3C (shirika la viwango vya wavuti) mwaka 2004, nayo ilieleza huduma kwa pande tatu: inafanya nini, inafanyaje, na inafikiwaje. Shika mbili za kwanza. Anayetafuta huanzia "inafanya nini", halafu ndipo "inafanyaje".

1. Sakinisha. Apache Jena Fuseki, seva ya kuhifadhi na kuuliza RDF. Ya Jena 5 inataka Java 17. Iwashe kwa `fuseki-server --mem /maziwa`, kisha fungua localhost:3030. Anayependa Python achukue maktaba ya rdflib, yatosha kabisa.

2. Andika kamusi ya vitendo kwanza. RDF yote ni sentensi zenye kiima, kiarifu na shamirisho, kama za darasa la Kiswahili. Hapa unasema kuchemsha ni aina ya kupasha moto, na kupasturaizi vilevile (`m:` ni kiambishi, yaani kifupi cha anwani ya kamusi yangu; `rdfs:`, `skos:` na `p-plan:` ni vya misamiati ya wengine):

```
m:Kuchemsha rdfs:subClassOf m:KupashaMoto .
m:Kupasturaizi rdfs:subClassOf m:KupashaMoto ;
   skos:prefLabel "kupasturaizi"@sw .
```

Majina mengine ya mtaani yaingize kwa `skos:altLabel`. Kila mzee wa kiwanda ana lake.

3. Kila utaratibu upewe kinachoingia na kinachotoka. `m:ut-yogati m:huchukua m:MaziwaMabichi ; m:hutoa m:Yogati .` Basi. Maswali mengi ya watu huishia hapa hapa.

4. Hatua na mpangilio wake. TULIA HAPA. Natumia msamiati wa P-Plan, uliojengwa juu ya PROV-O (msamiati wa kueleza kitu kilitoka wapi na kilifanywaje, uliopitishwa na W3C mwaka 2013). Una `p-plan:Step` kwa hatua, `p-plan:isStepOfPlan` kuiunganisha na utaratibu wake, na `p-plan:isPrecededBy` kusema imetanguliwa na ipi.

Mara ya kwanza nilijifanya mjanja. Niliona mala ina kupoza na yogati ina kupoza, nikasema kwa nini niandike mara mbili? Nikaunda hatua moja, `m:kupoza`, nikaifunga kwenye taratibu zote mbili. Ilipendeza kwenye mchoro. Shida ni kwamba yogati hupozwa hadi nyuzi 43 hivi ndipo itiwe kalcha, na mala hushushwa hadi nyuzi 22 hivi, kalcha yake ni ya ubaridi. Nikaandika zote mbili kwenye hatua ile ile moja. RDF haifuti sentensi ya kwanza ukileta ya pili. Zinakaa pamoja kama wake wenza, wala hakuna mahali palipoandikwa "hii ni ya yogati, ile ya mala". Mpangilio nao ukachanganyika: ukifuata mshale kutoka kupoza, unaangukia kwenye mala na yogati kwa pamoja.

Kilichonidanganya ni kwamba nilipojaribu, ilifanya kazi! Programu yangu ndogo ya kuchapisha karatasi ilikuwa inachukua jibu la kwanza tu, na siku ya majaribio jibu la kwanza lilikuwa 43. SPARQL bila `ORDER BY` haiahidi mpangilio wowote wa majibu. Wiki iliyofuata nikapakia data upya, la kwanza likawa 22, karatasi ikachapwa, kijana akaifuata neno kwa neno. Lita mia mbili. Baada ya saa sita tukafungua: maji maji. Kalcha ya yogati kwa nyuzi 22 hulala tu. Kijana alikaribia kulaumiwa, anatetemeka, na kosa lilikuwa langu mimi niliyekaa kwenye kiti.

Kwa hiyo: kila utaratibu uwe na hatua zake mwenyewe, hata zikifanana kama mapacha. Kinachoshirikiwa ni AINA ya kitendo, ile ya kwenye kamusi ya namba 2. Hivi (`a` humaanisha "ni aina ya"):

```
m:yogati-h2 a m:Kupoza ;
   p-plan:isStepOfPlan m:ut-yogati ;
   p-plan:isPrecededBy m:yogati-h1 ;
   m:hadiNyuzi 43 .
```

Mala nayo ina `m:mala-h2`, aina ile ile `m:Kupoza`, nyuzi 22. Tahadhari tatu za hapo hapo. Usitarajie Fuseki ikupigie kelele ukikosea, hiyo inahifadhi tu. Tumia SHACL, lugha ya kuandika masharti ya kukagua data ya RDF, useme kila hatua iwe na `m:hadiNyuzi` isiyozidi moja (`sh:maxCount 1`), uikague kabla ya kupakia. Pyshacl, programu ya Python, hufanya hivyo kwa amri moja. Pili, usiziache hatua bila anwani, yaani zile nodi tupu za mabano ya mraba. Kesho hutaweza kuzitaja kutoka faili nyingine. Tatu, usinakili hatua za mala kwa kopi-na-kubandika ukasahau kubadilisha `isStepOfPlan`. Utarudi pale pale nilipokuwa.

5. Uliza. Taratibu zote ambazo kuna kupasha moto kwa namna yoyote, mahali popote kabla ya kutia kalcha:

```
SELECT DISTINCT ?ut WHERE {
  ?a a/rdfs:subClassOf* m:KupashaMoto ;
     p-plan:isStepOfPlan ?ut .
  ?b a m:KutiaKalcha ;
     p-plan:isStepOfPlan ?ut ;
     p-plan:isPrecededBy+ ?a .
}
```

Nyota inapanda ukoo wa aina, alama ya kujumlisha inafuata mpangilio hata hatua zikiwa tano katikati. Viambishi juu ya swali jaza mwenyewe.

6. Utaratibu ni kitu kimoja, kilichotokea Jumanne ni kitu kingine. Kila kazi iliyofanywa kwenye maziwa ya Jumanne ni `p-plan:Activity`, nayo huelekezwa kwenye hatua yake kwa `p-plan:correspondsToStep`. Usiandike joto la Jumanne kwenye utaratibu.

Maswali chini.

---

jembe_na_data: Boss, nitumie hizo faili zikiwa tayari nibadilishe majina tu.

Mwandishi: Hapana. Ukibadilisha majina tu utapata taratibu za maziwa zenye majina ya mahindi.

molo_baridi: Nimefuata yote. Majibu sifuri. Hii kitu haifanyi kazi.

Mwandishi: Weka swali lako hapa. Siwezi kupiga ramli.

molo_baridi: `?k skos:prefLabel "kupasturaizi" .`

Mwandishi: Namba 2 imeandikwa `"kupasturaizi"@sw`. Kwa SPARQL, neno lenye alama ya lugha na lisilo nayo ni maneno mawili tofauti. Ongeza `@sw`. Na bora utafute kwa anwani, `m:Kupasturaizi`. Jina ni la kumwonyesha binadamu.

molo_baridi: Imekubali. Pole kwa kelele.

zamu_ya_usiku: Mwalimu, na kama kiambishi changu nimekiandika bila reli mwishoni, kuna neno?

Mwandishi: Lipo, tena kubwa. Bila `#` unapata `maziwaKupoza` badala ya `maziwa#Kupoza`. Hakuna kosa litakaloonekana, data zako zitakuwa kijiji kimoja na maswali yako kijiji kingine.

Mhasibu_Mstaafu: Hii yote Excel inafanya. Safu ya hatua, safu ya joto, unachuja. Vijana mnapenda kujitesa.

Mwandishi: Mzee, ukiwa na taratibu tatu hata daftari la kurasa 48 linatosha, sibishi. Niambie tu Excel inachujaje "kitendo chochote cha ukoo wa kupasha moto, kilichotangulia kutia kalcha kwa hatua ngapi zozote". Nilijaribu. Nilikuwa na safu inaitwa "hatua ya kabla ya hatua ya kabla".

Mhasibu_Mstaafu: Hiyo safu nami ninayo. Nimekaa chini.

mjukuu_wa_sotet: Swali la nje kidogo. Nyanya yangu anatengeneza mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin. Hakuna kipimajoto, hakuna saa. Kibuyu husafishwa, hupakwa mkaa wa mti wa senetwet ndani, maziwa yaliyochemshwa yakapoa humiminwa, hufunikwa, husubiriwa siku kadhaa. Hilo laweza kuingia humu, au RDF ni ya viwanda tu?

Mwandishi: Hili ndilo swali zuri la leo. Laingia, na pengine kwa urahisi kuliko letu. Hakuna anayekulazimisha uandike joto. Sentensi isiyokuwepo haimaanishi "hakuna joto", inamaanisha tu haijasemwa. Weka alichosema nyanya, kwa maneno yake: `m:mursik-h4 m:huishaIkiwa "maziwa yamepoa"@sw`, au kwa Kikalenjin ukiweka `@kln`. Tena una hatua ambayo sisi hatuna: kupaka mkaa. Kinachoingia hapo ni mkaa na kibuyu, na kinachotoka ni kibuyu kilichopakwa, ambacho nacho kinaingia kwenye hatua ya kumimina. P-Plan ina `p-plan:hasInputVar` na `p-plan:isOutputVarOf` kwa kazi hiyo hasa. Ukimaliza, uliza swali la namba 5 na utaona mursik haitokei, kwa sababu hakuna kutia kalcha: vijidudu vya kwenye kibuyu ndivyo vinavyofanya kazi. Hapo amua: je, kumimina kwenye kibuyu ni aina ya kutia kalcha? Mimi ningemwuliza nyanya kwanza.

mjukuu_wa_sotet: Nitamwuliza Jumamosi. Atacheka sana.

pipeti_kisumu: Niko maabara Kisumu, kazi ni mfuatano wa jeni za vijidudu. Tuna mitiririko (mipangilio ya hatua za uchambuzi kwenye kompyuta) ya Galaxy na mingine ya CWL. Nianze kuandika kamusi ya vitendo kutoka sifuri?

Mwandishi: Usithubutu, dada. Kamusi ipo: ontolojia (kamusi ya dhana) ya EDAM ina majina ya vitendo, aina za data na miundo ya faili za bioinfomatiki. Kabla ya kuandika chochote pitia WorkflowHub, sajili ya mitiririko, huenda mtiririko unaoutaka umeshasajiliwa. Hata myExperiment, iliyoanza 2007 watu wakishirikishana mitiririko ya programu ya Taverna, ilikuwa imefunguliwa kwa SPARQL. Ila lile la namba 4 nawe linakuhusu: zana moja ikitumika mara tatu kwenye mtiririko mmoja, ni hatua tatu.

pipeti_kisumu: Mara tatu kwa vigezo tofauti, ndiyo. Nilikuwa nimeiweka moja.

Mwandishi: Karibu kwenye chama.

jembe_na_data: Stima imepotea, nimewasha tena, Fuseki iko tupu!! Nimepoteza kila kitu?

Mwandishi: `--mem` ni kumbukumbu ya muda. Faili zako za Turtle (maandishi ya RDF kama yale ya namba 2) si bado ziko kwenye diski? Zipakie upya. Ukitaka ibaki, tengeneza folda uiite DB, kisha `--loc=DB --update /maziwa`.

jembe_na_data: Niliandika moja kwa moja kwenye kivinjari.

Mwandishi: Basi ndiyo, umepoteza.

zamu_ya_usiku: Jembe, pole. Mimi nimeweka faili za Turtle kwenye Git, programu inayotunza historia ya faili, kila badiliko naliona. Juzi nimeona mtu amegeuza 72 kuwa 27 kwenye kupasturaizi.

Mwandishi: Hiyo ingetuua. Sekunde 15 kwa nyuzi 27!

Mhasibu_Mstaafu: Na mbona namba zako hazina kipimo? 43 nyuzi gani? Sisi wa zamani tulikuwa na kipimajoto cha Farenhaiti.

Mwandishi: Umenishika, mzee, ni Selsiasi. Nilitegemea jina `hadiNyuzi`. Kuna ontolojia ya QUDT ya vipimo, nitaiongeza. Laktomita nazo ni hivyo hivyo: nyingine zimepimiwa nyuzi 20, nyingine 15.5. Soma shingo ya chombo kabla ya kumwambia mkulima maziwa yake yana maji.

molo_baridi: Wetu hasomi. Ndiyo maana tunagombana naye kila asubuhi.