Kocha mpya katangazwa? Soma sivii yake hivi kabla hujaanza kutukana

Hua inakua hivi, timu inatangaza kocha mpya usiku, mzungu kashika jezi anacheka, alafu chini yake kuna orodha ya timu alizopita. Dakika tano tu watu washagawanyika, huku "jamani huyu kafika Real Madrid", kule "timu kumi na kitu, hakai popote, huyu mtalii". Wote wanasoma orodha ile ile na wote wanaisoma vibaya. Mi mwenyewe nlishamtetea kocha mmoja wiki nzima kijiweni kwa sababu ya klabu moja kubwa kwenye sivii yake, kumbe kule alikua na watoto wa chini ya miaka 15. Nilinyamaza mwezi mzima.

Kwaiyo leo tujifunze kwa kumtumia José Peseiro, Mreno wa kule Coruche, kazaliwa 1960. Namchagua yeye kwa sababu sivii yake ni ndefu kama treni ya mizigo: Ureno, Hispania, Saudia, Ugiriki, Rumania, Falme za Kiarabu, Misri, Venezuela, Nigeria. Ukiweza kuisoma hii, ya kocha mwingine haikusumbui.

Anza kwa kuruka sehemu ya uchezaji. Peseiro alikua mshambuliaji wa madaraja ya chini Ureno, basi, tuendelee.

Kinachofuata, tafuta kitu alichokijenga mwenyewe kabla hajawa na jina. Kwa Peseiro ni Nacional ya kisiwa cha Madeira, 1999 mpaka 2003, aliichukua daraja la tatu akaifikisha ligi kuu. Huu mstari hakuna anayeusoma kwa sababu jina la klabu halina mvuto, lakini hapo ndo unamwona kocha bila pesa za mtu na bila mastaa.

Alafu ukikuta jina kubwa uliza alikalia kiti gani. Real Madrid 2003/04 yupo kweli, ila kama msaidizi wa Carlos Queiroz. Na msimu wenyewe, wakiwa na kina Zidane, Figo, Ronaldo, Beckham, walipoteza mechi tano za mwisho za ligi wakamaliza wa nne. Kwa makocha wa Kireno kuna neno moja la kulitafuta, "adjunto", yaani msaidizi. Ukiliona pembeni ya klabu kubwa punguza makofi.

Sasa twende kwenye kitu ambacho watu wengi wanakosea, kuhesabu makombe. Angalia Sporting ya Lisbon, Ureno, 2004/05, yeye ndo kocha mkuu. Kwenye karatasi ni sifuri. Lakini fuatilia mwezi wa tano 2005 uone. Kwenye Kombe la UEFA (siku hizi linaitwa Europa League) walikua wameitoa Newcastle kwa kupigwa 1-0 kule alafu wakageuza 4-1 nyumbani, wakaitoa AZ ya Uholanzi kwa goli la Miguel Garcia sekunde za mwisho kabisa za muda wa nyongeza. Tarehe 14 Mei wanaenda kwa Benfica, ubingwa uko mezani, Luisão anafunga kwa kichwa mechi ikielekea kuisha, 1-0, ligi imeondoka. Siku nne baadae ni fainali ya Kombe la UEFA na inachezwa uwanja wao wenyewe, Alvalade, Rogério anawatanguliza, watu wanaimba, kipindi cha pili CSKA Moscow wanapiga tatu. Yaani ndani ya siku nne mtu kapoteza vyote viwili, na Oktoba hakuwepo tena kazini. Orodha inakwambia "hakushinda kitu". Mi nasoma kwamba kocha huyu anakufikisha. Kumaliza ni habari nyingine, na hiyo nayo iandike, usiifiche.

Maana inajirudia. Timu ya taifa ya Saudia, Septemba 2009, yeye ndo kocha, wanatafuta nafasi ya kuendelea kwenye safari ya Kombe la Dunia dhidi ya Bahrain. Riyadh dakika za majeruhi Saudia wanafunga, 2-1, uwanja umelipuka, alafu Bahrain wanasawazisha dakika hizo hizo za majeruhi, 2-2, na kwa kua kule Bahrain ilikua 0-0 basi goli la ugenini likawamaliza. Wakamwacha aendelee mpaka Kombe la Asia 2011 Qatar, kafungwa na Syria mechi ya kwanza, akafukuzwa hapo hapo mashindano yakiwa ndo yanaanza. Wapo wanaosema jamaa ana gundu. Mi siamini gundu ila naelewa kwanini mtu ataamini, kwa mfano Mei 2016 akiwa Porto kapoteza fainali ya Kombe la Ureno kwa penalti mbele ya Braga, na baada ya wiki chache nani kamwajiri? Braga hao hao. Na Desemba washamtimua. Ila kuwa na haki, huyo huyo 2013 aliwapa Braga Kombe la Ligi, wakiifunga Porto 1-0 fainali.

Hatua muhimu kuliko zote: katoka vipi? Usiandike "kafukuzwa timu kumi" kabla hujatenganisha. Ingia Transfermarkt (tovuti ya takwimu za soka) uone miezi na idadi ya mechi, alafu gugo jina lake na neno "despedido" (hilo ni katimuliwa) au "demissão" (hapo mara nyingi kaomba mwenyewe kuondoka), magazeti ya A Bola na Record yatakuletea stori, simu inakutafsiria. Kwa Peseiro utakuta vitu tofauti kabisa. Al Ahly alikaa miezi michache tu, Oktoba 2015 hadi Januari 2016, kwa sababu Porto walimwita. Venezuela alibwaga manyanga Agosti 2021 baada ya kukaa zaidi ya mwaka bila mshahara, hapo kweli utamwita mtalii? Na Sporting ya 2018, hii sisi wa Simba na Yanga tutaielewa haraka: mashabiki walikua wamevamia uwanja wa mazoezi Alcochete wakapiga wachezaji, mastaa kadhaa wakavunja mikataba, uongozi wa muda ukamleta Peseiro, Septemba ukafanyika uchaguzi, rais mpya kaingia, na kufungwa na Estoril nyumbani kulitosha kumwondoa. Ukiona kocha katoka muda mfupi baada ya uchaguzi, usimlaumu kocha peke yake.

Mwisho, usipime kocha kwa mechi mbili. Nigeria, Novemba 2023, sare 1-1 na Lesotho, sare 1-1 na Zimbabwe, nchi nzima inataka aondoke, na kabla ya hapo alishakubali kukatwa mshahara. Januari wanaanza AFCON kwa sare na Guinea ya Ikweta, kelele zikaongezeka. Akabadilisha, mabeki watatu nyuma, Osimhen anakimbiza mabeki wa watu kama anadaiwa, na mechi nne mfululizo hawakuruhusu goli: Kodivaa 1-0, Guinea-Bissau 1-0, Kameruni 2-0, Angola 1-0. Osimhen mwenyewe kafunga moja tu mashindano yote, Lookman ndo alikua anamalizia. Afrika Kusini wakatolewa kwa penalti. Fainali wakakutana na Kodivaa tena, Troost-Ekong wa Nigeria kafunga kwanza na (ushajua) Kessié na Haller wakageuza, 2-1. Na aliyemfunga ni nani? Emerse Faé, msaidizi wa Kodivaa aliyepewa timu katikati ya mashindano baada ya kocha mkuu Gasset kuondoka, hajawahi kua kocha mkuu wa timu ya taifa ya wakubwa. Sivii mstari mmoja kaipiga sivii kurasa tatu.

Mazoezi ya nyumbani sasa. Ile Angola iliyotolewa kwa 1-0 kocha wake alikua Pedro Gonçalves, Mreno mwingine, ndo huyo Yanga walimtangaza Oktoba 2025. Rudia hatua zote kwake: alijenga nini kabla ya jina, alikalia kiti gani, alitoka vipi, nani alikua juu yake. Dakika ishirini zinatosha, bando la mia tano halifiki hata nusu. Alafu urudi kijiweni ubishane.