Kuwasha gari kwa betri ya jirani

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Lubumbashi ikikaza, wateja wangu wa Katuba huleta kesi moja: jana gari liliwaka vizuri, leo linalia tik-tik tu. Betri iliyochoka haivumilii baridi. Kuazima moto kwa jirani inawezekana, ila angalia jirani gani. Gari dogo ni volti 12. Kamio, yaani malori, za njia ya Kasumbalesa nyingi ni volti 24. Dereva wake hata akikuonea huruma, mshukuru umwache aende zake, la sivyo utaunguza vifaa vya umeme au betri ikulipukie.

Betri iliyovimba, iliyopasuka au inayovuja asidi usiiunganishe na kitu. Nunua nyingine.

Nyaya nazo zina ujanja wake. Sokoni utauziwa mpira mnene wenye shaba nyembamba kama uzi. Fungua mpini wa kibanio uone shaba yenyewe kabla ya kutoa pesa.

Magari yasogezwe karibu bila kugusana, yazimwe yote mawili. Vua pete na saa. Alama za chanya (+) na hasi (-) zikiwa zimefutika, tazama vichwa vya betri: kwa kawaida kilicho kinene zaidi ndicho chanya.

Kibanio chekundu kianzie kwenye chanya ya betri iliyokufa, mwenzake aende chanya ya betri nzima. Cheusi kwenye hasi ya betri nzima. Cheusi cha mwisho mkono huvutwa wenyewe kwenye hasi ya betri iliyokufa. Usikubali! Kibane kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Kibanio hicho cha mwisho kikigusa cheche huruka, na betri hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka.

Washa gari zima, liache dakika 5. Kisha jaribu lako, si zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja, halafu pumzisha starta. Likikataa, angalia unga mweupe kwenye vichwa vya betri. Mara nyingi kosa liko hapo.

Likiwaka, toa vibanio kwa kurudi nyuma: cha mwisho kutangulia. Usizime. Zunguka nusu saa hivi, redio na taa zisizohitajika zikiwa zimezimwa.

Kesho likigoma tena, usikimbilie kununua betri. Pima volti za betri injini ikiwa inanguruma: volti 13.8 hadi 14.4 ni sawa. Ikibaki 12 na kidogo, mgonjwa ni altaneta, kifaa kinachochaji betri, au mkanda wake umelegea.