SOMO: Mgeni wa mradi huria mpe jembe siku ya kwanza

Wahenga walimpa mgeni siku mbili za kula na kulala, ya tatu wakamkabidhi jembe. Kwenye mradi wa programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha, hesabu hiyo haifai. Anayejitokeza kusaidia kuandika programu kaja na jembe lake begani, anachosubiri ni kuonyeshwa shamba. Akikaa siku mbili hajaonyeshwa, ya tatu humkuti.

Somo hili ni la watunzaji wa miradi na walezi wa vikundi vya wanaprogramu. Mfano tutakaourudia ni OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa 2004 na kuanza kutumika Eldoret 2006. KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu yake. Ni mradi mkubwa, ila hatua ni zilezile hata kama mradi wako una faili ishirini.

Hatua ya 1: Hesabu wapitiaji kabla ya kuita watu

Wageni wengi hawakimbizwi na ugumu wa msimbo. Wanakimbizwa na kimya. Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, walipochunguza rekodi zao waliona kwamba mgeni ambaye kiraka chake cha kwanza (badiliko la msimbo analolipendekeza) kilipitiwa ndani ya saa 48 alikuwa na uwezekano mkubwa sana wa kurudi, na aliyesubiri zaidi ya siku 7 karibu hakurudi kabisa.

Kwa hiyo anza na hesabu. Kiraka cha kwanza cha mgeni hupita raundi mbili au tatu za maoni, na humla mpitiaji, yaani anayekikagua kabla hakijaingia, saa moja na nusu hadi mbili kwa jumla. Mpitiaji mwenye saa nne kwa wiki abebe wageni wawili kwa wakati mmoja, watatu wakizidi sana. Mna wapitiaji watatu? Basi itisheni wageni sita. Tangazo likileta arobaini, wengine waandikisheni kwa awamu na muwaambie wazi awamu yao inaanza tarehe ngapi. Ni afadhali mtu aambiwe "njoo baada ya wiki sita" kuliko kuachwa akiangalia kiraka chake kikiota vumbi.

Kila mgeni apewe mlezi mmoja kwa jina. "Uliza yeyote kwenye kundi" maana yake hakuna atakayejibu.

Hatua ya 2: Programu iwake kwenye kompyuta ya mgeni

Hapa ndipo wengi wanapofia. Tafuta laptopu ambayo haijawahi kuugusa mradi, ya RAM GB 8 na si zaidi, kisha fuata maelekezo yenu neno kwa neno bila kujaza mapengo kwa akili yako. Andika mambo matatu: dakika zilizotumika mpaka programu ionekane kwenye skrini, MB zilizoshuka, na kila mahali ulipokwama. Ikizidi saa mbili au GB 2, tengeneza njia fupi. Kumbuka mgeni ananunua bando kwa pesa yake.

OpenMRS 3 ina njia fupi nzuri ya kuiga. Upande wa mbele wa mfumo unaweza kuuendesha peke yake huku data zikitoka kwenye seva ya majaribio ya mradi. Mgeni anashusha hazina moja tu (folda ya msimbo wa mradi pamoja na historia yake), anaandika `yarn`, amri inayosimika vifurushi vinavyohitajika, halafu:

`yarn start --sources 'packages/esm-patient-vitals-app'`

Kivinjari kinafunguka akiwa na wagonjwa wa majaribio mbele yake. Hana haja ya kusimika hifadhidata wala Java. Akishazoea ndipo aende kwenye seva kamili.

Mambo yanayoharibika mara kwa mara, na sababu zake:

- Hati ya kusimika inagoma kwenye kompyuta ya Windows na kutoa ujumbe wenye `^M`. Git, programu inayotunza historia ya msimbo, imebadilisha miisho ya mistari. Weka `*.sh text eol=lf` kwenye faili la `.gitattributes`, tatizo halirudi tena.
- Vifurushi vinakataa kusimikwa. Mara nyingi ni toleo la Node, programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari. Weka `.nvmrc` yenye namba ya toleo na uitaje ndani ya README, faili la maelezo ya mradi.
- Kushusha hazina kunakatikia njiani kwa sababu historia ni nzito. Mwelekeze atumie `git clone --filter=blob:none`, itakayoacha faili za zamani mpaka zihitajike.
- Mgeni amefanya kazi kwenye tawi la `main`, yaani mkondo mkuu wa msimbo, la nakala yake, na sasa kila kiraka kinabeba mabadiliko ya kile kilichotangulia. Maelekezo yenu yaanze na `git switch -c jina-la-tiketi`, kabla hajagusa faili lolote.

Hatua ya 3: Andaa tiketi za kwanza

Kwa kila mgeni mmoja kuwe na tiketi mbili zilizo tayari, yaani maelezo ya kasoro au kazi moja ya kufanywa. GitHub, tovuti inayohifadhi hazina za msimbo, ina lebo ya "good first issue" (tiketi nzuri ya kuanzia), na ukiongeza `/contribute` mwishoni mwa anwani ya hazina inakusanya tiketi hizo ukurasa mmoja. Lakini lebo peke yake si maandalizi. Tiketi ya mgeni iwe na:

tatizo kwa sentensi mbili, pamoja na picha ya skrini. Hatua za kulifanya litokee. Jina la faili la kuanzia, na ikiwezekana la kipande cha msimbo (function) kinachohusika ndani yake. Namna ya kujua kwamba limeisha, yaani jaribio gani la kiotomatiki lipite. Mambo ambayo *hayamo* kwenye tiketi, ili asianze kupanga upya faili zima. Na jina la mlezi.

Kuhusu ukubwa: kazi ya nusu saa kwa mzoefu ni Jumamosi na Jumapili nzima kwa mgeni. Usimpe ya siku mbili kwa mzoefu. Wala usimpe makosa ya tahajia kwenye README. Anajua kabisa hiyo ni kazi ya kumzugia, na haimfundishi kuendesha majaribio. Tena viraka vya aina hiyo huvutia watu wabaya. Hacktoberfest, tukio la kampuni ya DigitalOcean lililoanza 2014 na kuwapa fulana waliotuma viraka, mwaka 2020 lilimiminia watunzaji viraka vya ovyo vya watu waliotaka fulana tu, hadi utaratibu ukabadilishwa: tangu hapo miradi inajiandikisha kwa hiari.

Wazoefu wasiziguse tiketi za wageni, hata kama kuzimaliza ni dakika kumi. Hili ni gumu kuliko linavyosikika.

Hatua ya 4: Sasa ita watu

Anza na wanaoitumia programu yenyewe. Karani wa masjala ya hospitali anayejua fomu ipi inasumbua, na anayejifunza JavaScript jioni, ana faida kuliko mwanafunzi hodari ambaye hajui fomu hiyo ni ya nini. Wafuatao ni watafsiri na wanaoripoti kasoro: tayari wameshaonyesha kwamba wanajali.

Vyuo vinafuata. Ukienda chuoni usihutubie saa mbili kuhusu falsafa ya programu huria. Chukua saa tatu, watu wasiozidi kumi na wawili, flashi nne zenye vifurushi vyote vilivyoshushwa kabla, na lengo moja: kila mtu aondoke programu ikiwaka kwenye laptopu yake na tiketi yenye jina lake.

Ipo pia mipango inayolipa. Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuwalipa wanaochangia miradi huria, imekuwepo tangu 2005, na tangu 2022 si ya wanafunzi peke yao. Outreachy, iliyozaliwa ndani ya jamii ya mradi huria wa GNOME, huendeshwa mara mbili kwa mwaka na hulipa dola 7,000 kwa kazi ya miezi mitatu kutoka nyumbani, ikiwalenga watu wasiowakilishwa vya kutosha kwenye fani. Tahadhari: kipindi cha maombi huleta kundi kubwa kwa mpigo, na nafasi ni moja au mbili. Rudi Hatua ya 1 kabla ya kujiandikisha.

Hatua ya 5: Kiraka cha kwanza kikifika

Jibu ndani ya saa 48 hata kama huna muda wa kukipitia. "Asante, nimekiona, nitakipitia Alhamisi jioni" inatosha, mradi Alhamisi uonekane.

Kuna mtego ambao watunzaji wengi hawaujui: kwenye hazina za wazi za GitHub, majaribio ya kiotomatiki ya mtu anayechangia kwa mara ya kwanza hayaendeshwi mpaka mtunzaji ayaidhinishe. Mgeni anaona kiraka kimeganda, anadhani kaharibu kitu. Bonyeza idhini siku hiyohiyo.

Maoni yaende kwa mpangilio. Raundi ya kwanza, zungumzia jambo moja kubwa tu: je, kiraka kinatatua tatizo, na kinalitatua mahali sahihi? Majina ya vigeu na mengine madogo yasubiri. Nafasi na nukta-mkato ziachie Prettier na ESLint, zana zinazopanga na kukagua msimbo zenyewe, maana mashine ikikosoa hakuna anayeona haya. Maoni ishirini kwa mpigo, hata yakiwa sahihi yote, mgeni huyasoma kama neno moja: hufai.

Usiandike "hii si sawa." Andika: "Hapa thamani ikiwa tupu ukurasa utaanguka. Jaribu na mgonjwa asiye na vipimo, uone." Amepata sababu, na njia ya kuthibitisha mwenyewe.

Usimnyang'anye kiraka ukakimalizia usiku kwa sababu toleo linatoka kesho. Ukilazimika, mwambie kwanza, na uweke mstari wa `Co-authored-by` (mwandishi mwenza) wenye jina lake.

Hatua ya 6: Kiraka cha pili

Siku unayokiunganisha kiraka cha kwanza kwenye mradi, mtajie tiketi ya pili ndani ya ujumbe uleule, ngumu kidogo na karibu na alipokuwa. Baada ya kiraka cha tatu au cha nne, mwombe apitie cha mgeni mwenzake. Akionyesha utulivu mpe ngazi ya "triage" ya GitHub: ataweka lebo na kufunga tiketi bila kuwa na ruhusa ya kubadilisha msimbo. OpenMRS wameziandika ngazi zao wazi, kutoka /dev/null hadi /dev/5, ili mtu ajue yuko wapi na kinachohitajika kupanda. Miradi midogo haihitaji ngazi sita. Mbili zinatosha, ila ziandikwe.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Nina vijana saba hapa chuoni, wenye laptopu ni watatu tu. Wengine wafanye nini na simu?

Jibu: Kwa simu wanaweza kutafsiri, kurekebisha nyaraka kupitia kivinjari, na kujaribu toleo jipya kisha kuripoti kasoro kwa picha. Kuandika msimbo kwa simu ni kuwatesa. Wapangeni wawili au watatu kwa laptopu moja, anayeshika kibodi abadilike kila nusu saa, na majina yote yaingie kwenye kiraka. Kama chuo kina maabara yenye intaneti, GitHub Codespaces, kompyuta ya mtandaoni inayotumiwa kupitia kivinjari, huipa akaunti binafsi saa 60 za bure kwa mwezi kwenye mashine ya viini viwili. Wakumbuke kuizima wakimaliza, la sivyo saa zinaendelea kuliwa mpaka ijizime.

Swali: Tunaruhusiwa kujadiliana kwa Kiswahili?

Jibu: Mlezi na mgeni, kwa nini isiwe hivyo? Mtu huelewa haraka zaidi kwa lugha anayoiota. Ila maelezo ya kiraka na majina ndani ya msimbo yafuate lugha ya mradi, na uamuzi wowote mliofikia pembeni uandikwe kwenye tiketi kwa mistari miwili au mitatu. Maamuzi yakibaki WhatsApp, mpitiaji aliye nchi nyingine ataona kiraka kimebadilika bila sababu.

Swali: Mtu kachukua tiketi, wiki ya tatu hii haonekani. Nimpe mwingine au nitakuwa nimemkosea?

Jibu: Kanuni iandikwe kabla, ndipo haimkosei mtu. Siku 7 bila dalili, muulize: "Vipi, umekwama mahali? Nikusaidie wapi?" Siku 14, itoe na umwambie anaweza kurudi kuchukua hiyo au nyingine. Usimwandikie kwa kumsuta. Wengi huwa wamebanwa na mitihani au kibarua, na aliyeachiwa mlango wazi hurudi.

Swali: Wananiuliza watalipwa nini. Nijibu vipi bila kuwafukuza?

Jibu: Jibu ukweli: hawalipwi, isipokuwa wakipata nafasi kwenye mipango kama ile ya Hatua ya 4. Usiahidi ajira. Unachoweza kuwapa ni kazi yenye jina lao hadharani, jina kwenye taarifa ya toleo, na barua inayotaja viraka walivyoandika kwa namba. Kama kikundi kina fedha kidogo, nunueni bando. GB 10 kwa mwezi humsaidia mgeni kuliko fulana.

Swali: Siku hizi naletewa viraka vilivyoandikwa na akili mnemba, mwenyewe ukimuuliza hajui kilichomo. Nifanyeje, dada mlezi?

Jibu: Ndugu, usianze kwa kumtuhumu, maana utamkosea na aliyeandika kwa mkono wake. Omba vitu vitatu kwa kila mgeni bila ubaguzi: picha au video fupi ya programu ikiwaka kwake na badiliko likionekana, jaribio linaloshindwa bila kiraka na kupita nacho, na sentensi tatu za kwa nini kachagua njia hiyo. Anayejua alichoandika atavileta kwa dakika kumi. Asiyejua atapotea mwenyewe, au atakaa chini asome.

Swali: Mgeni wangu kafanya `git merge` (kuchanganya matawi) mara tano, kiraka cha mistari 8 sasa kinaonyesha faili 60. Aanze upya?

Jibu: Asifute kitu. Kwanza ahifadhi: `git branch akiba`. Kisha, kama hazina kuu ameiita `upstream`, aandike `git fetch upstream`, halafu `git rebase upstream/main`, inayoyahamishia mabadiliko yake juu ya toleo jipya la hazina kuu. Ikipita salama, amalizie na `git push --force-with-lease`, si `--force` tupu, ili asifute kazi ambayo huenda mlezi ameongeza kwenye tawi hilo. Ikigoma kwa migongano mingi, aandike `git rebase --abort`, afungue tawi jipya kwa `git switch -c jaribio-2 upstream/main`, aingize ile mistari 8 kwa mkono na kutuma kiraka kipya. Cha zamani kifungwe kwa maelezo ya mstari mmoja yanayoelekeza kwenye kipya.